Lita 3.7 za maji kwa siku zimenishusha kwa matatu. Hesabu ya kweli ni ipi?

Wa_Rongai (mwenye uzi)
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wadau, hamjambo. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu nikifupisha mtadhani nilikuwa nimelewa.

Nina miaka 41, kilo 74, sina ugonjwa ninaoujua. Kazi yangu ni ya kukaa, nashika vitabu vya hesabu katika ghala moja huko Industrial Area. Wiki tatu zilizopita binti yangu aliniwekea kwa simu programu ya kunikumbusha kunywa maji. Ikaniuliza kama mimi ni mume au mke, ikanikatia hukumu: lita 3.7 kwa siku. Nikanunua chupa ya lita mbili, ile yenye saa zimechorwa ubavuni, saa mbili asubuhi uwe umefika hapa, saa sita hapa. Naijaza mara mbili kasoro kidogo. Simu ikilia, nakunywa.

Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha. Nilipanda gari Railways saa kumi na mbili na nusu jioni, nikiwa nimemaliza alama ya mwisho kama mtu anayemaliza dozi. Tulipita lango la mbuga pale Lang'ata Road, tukakwama. Dakika arobaini unaona taa nyekundu za gari la mbele tu. Nilikunja miguu, nikaikunjua, nikasoma stika zote za hiyo gari, mwisho nikamwita makanga nikamnong'oneza. Akagonga bodi, mlango ukafunguliwa, nikakimbilia gizani. Nyuma namsikia akipaza sauti: "Mzee, usisongee huo ua sana, simba hawajui wewe uko na shida!" Gari zima likaangua kicheko. Niliporudi nimelowa, kiti changu kilikuwa na mama na kuku wake.

Usiku nao naamka mara tatu. Mke wangu ameanza kuuliza kama ni sukari. Sasa nauliza: hizi lita 3.7 ni za kweli? Wengine wanasema glasi nane, wengine wanasema uzidishe kilo zako mara sijui ngapi. Nani anajua hesabu yenyewe?

Kijana_wa_Steji
Saa 3:52 usiku

Simba hawajui wewe uko na shida 😂😂😂 Huyo makanga apandishwe cheo.

Maji_Tiba
Saa 4:05 usiku

Usikate tamaa ndugu, mwili huzoea. Mimi kila asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni nashusha lita mbili kwa mpigo, na kufikia jioni nimegonga tano. Sumu zote zinatoka. Mkojo wangu ni mweupe kama maji ya chemchemi.

Mama_Mitumba
Saa 4:20 usiku

Nyinyi mnalia kwa kukojoa sana, mimi nalia kinyume. Nauza nguo Gikomba. Choo ni shilingi 10 kila ukiingia, na ukitoka kibandani unaachia jirani mali. Kwa hivyo nimejizoesha: chai moja saa kumi na moja asubuhi, basi, mpaka nirudi nyumbani saa moja jioni. Mwaka huu nimetibiwa mkojo kuchoma mara nne. Kila nikienda naambiwa "mama, kunywa maji". Maji ninayo. Mahali pa kuyapeleka ndipo sina.

Mwalimu_wa_Bayo
Jumanne, saa 12:15 asubuhi

Wa_Rongai, namba yako si ya uongo, ila imesomwa vibaya. Lita 3.7 zilitoka Marekani mwaka 2004, katika mwongozo wa taasisi yao ya tiba: wanaume 3.7, wanawake 2.7. Lakini hiyo ni jumla ya maji yote yanayoingia mwilini, ya glasi, ya chai, ya maziwa, ya soda, na yale yaliyojificha ndani ya chakula. Wao wenyewe walikadiria kwamba karibu asilimia 20 huja na chakula. Wazungu wa Ulaya walipokaa chini mwaka 2010 walitoa namba ndogo zaidi, lita 2.5 kwa mwanamume na 2.0 kwa mwanamke, nazo pia ni jumla. Programu yako ilichukua jumla ikaimimina yote ndani ya chupa.

Glasi nane nazo zina hadithi kama hiyo. Wengi huzifuatilia hadi mwaka 1945, Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ilipoandika kwamba mtu mzima atosheke na kama lita 2.5 kwa siku. Mbele kidogo, hapo hapo, waliandika kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu walipanda gari na sentensi ya kwanza, hiyo nyingine wakaiacha steji. Mwaka 2002 mtaalamu wa figo anayeitwa Heinz Valtin alitafuta ushahidi wa kisayansi wa glasi nane kwa mtu mzima mwenye afya, akarudi mikono mitupu.

Sasa tuandikie ulichokula na kunywa jana, ukiondoa ile chupa. Tena usidanganye kama wanafunzi wangu.

Wa_Rongai
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Asubuhi chai ya maziwa, vikombe viwili vikubwa, na mandazi. Saa nne chai ya ofisini kikombe kimoja. Mchana ugali, maharagwe, sukuma na bakuli la supu ya mifupa (kwa yule mama wetu supu ni ya bure ukinunua ugali). Jioni chai kikombe kimoja, baadaye wali kwa ndengu na chungwa.

Mwalimu_wa_Bayo
Jumanne, saa 1:48 asubuhi

Vikombe viwili vya asubuhi, mililita 600. Cha saa nne, 250. Supu, 250. Chai ya jioni, 300. Hizo ni 1,400. Chakula sasa: ugali unauona mkavu lakini zaidi ya nusu ya uzani wake ni maji, wali uliopikwa vivyo hivyo, maharagwe vivyo hivyo, sukuma na chungwa ndiyo usiseme. Tuweke 700 bila kujipendelea. Umefika lita 2.1 na chupa bado imefungwa. Ukiongeza 3.7 unapata lita 5.8.

Mzee, ulikuwa unabeba karibu lita sita kwa siku, kazi yenyewe ni ya kukaa, na jiji lenyewe, Nairobi, liko juu ya mita 1,600 na baridi yake. Makanga alikusaidia.

Strungi_Daima
Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Lakini mwalimu, chai si hukausha mwili? Nimesikia kila kikombe cha strungi kinadai glasi ya maji kukilipia.

Mwalimu_wa_Bayo
Jumanne, saa 2:31 asubuhi

Hakuna deni. Mwaka 2014 watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliwapa wanaume 50 waliozoea kahawa vikombe vinne kwa siku kwa siku tatu, kisha wakawapa maji kwa kiasi kile kile. Hali ya maji mwilini haikutofautiana. Na strungi haifikii kahawa kwa ukali. Pombe ndiyo hadithi nyingine. Naingia darasani.

Nesi_wa_Zamu
Jumanne, saa 4:50 usiku

Nimetoka zamu, nimesoma uzi wote nikiwa nimeweka miguu kwa beseni. Mwalimu amemaliza upande wa yanayoingia. Wodini sisi tuna upande wa pili.

Mgonjwa akilazwa na tunataka kujua kama anakauka au anafurika, tunafungua chati ya maji. Ni karatasi yenye mistari miwili mikubwa, yaliyoingia na yaliyotoka. Chai mililita 250, andika. Dripu 500, andika. Mkojo tunaupima kwa jagi lenye alama, unainama macho yawe sawa na mstari, andika. Saa kumi na mbili asubuhi unajumlisha. Chati hiyo haijui mambo ya glasi nane, inakuonyesha tu mwili ulipewa nini na ukarudisha nini.

Mtu mzima asiye mgonjwa anayekaa ofisini hupoteza kati ya mililita 800 na lita moja kwa pumzi na ngozi bila hata kuonekana jasho, kidogo kwa choo kikubwa, na yaliyobaki yanatoka na mkojo. Mkojo wa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku ni wa mtu aliyetosheka. Ukipita lita tatu, ama unakunywa kupita kiasi ama kuna kitu kinachokukamua, na hapo sukari ni mojawapo. Kwa hivyo mkeo hajakosea kuuliza.

Fanya hivi kaka. Wikendi, ukiwa nyumbani, kaa siku moja na hizo lita zako 3.7 na upime mkojo wote wa saa 24. Siku inayofuata kunywa chai na chakula chako cha kawaida, na maji uyanywe kiu ikikuita, upime tena. Ukipunguza maji na mkojo upungue, shida ilikuwa chupa. Ukipunguza na bado unakojoa kama mfereji huku koo limekauka na nguo zinaanza kukupwaya, usingoje majibu ya humu. Nenda upimwe sukari asubuhi hiyo hiyo.

Ile ya kilo ipo pia. Wagonjwa wanaolishwa kwa mpira tunaanzia mililita 30 hadi 35 kwa kila kilo. Kwa kilo zako 74 ni kati ya lita 2.2 na 2.6, jumla ya kila kitu. Lakini ni pa kuanzia tu. Homa ikipanda au tumbo likiharibika tunaongeza, moyo ukilegea tunakata.

Rangi nayo isomeni kwa akili. Mkojo wa manjano hafifu ni sawa, ukiwa kama strungi iliyokolea uko nyuma. Lakini vidonge vya vitamini B huugeuza manjano ya kung'aa hata ukinywa bahari, na kuna dawa ya TB inayougeuza rangi ya machungwa, watu hukimbia kuja kwetu wakidhani ni damu.

Maji_Tiba, naandika hili taratibu. Sumu zinatolewa na figo na ini. Figo hazihitaji mafuriko. Zikienda mbio sana zinatoa kama lita moja kwa saa, zaidi ya hapo maji yanabaki damuni na sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi, inazimuliwa kama uji ulioongezwa maji. Kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na watu wamekufa hivyo. Mwaka 2002 walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio za Boston Marathon, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliomaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Fikiria, mtu anakimbia kilomita 42 na ananenepa kwa maji.

Maji_Tiba
Jumanne, saa 5:15 usiku

Sawa nesi nimesikia. Lakini zile mbili za asubuhi siwachi, zinanipeleka haja.

Nesi_wa_Zamu
Jumanne, saa 5:18 usiku

Kunywa moja, tena kwa nusu saa, kisha kula papai. Utaenda.

Mbio_za_Karura
Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Nesi amegusa yangu. Sisi tunaokimbia mizani ndiyo kipimo. Jumapili nilijipima bila nguo kabla ya kuingia msitu wa Karura, kilo 68.4. Nilikimbia kilomita 15, nikanywa nusu lita njiani, nikajipima tena baada ya kujifuta jasho, 67.2. Kilo moja ni lita moja. Nilipungua 1.2, ongeza ile nusu niliyokunywa, nilitoa jasho lita 1.7. Siku hiyo mahitaji yangu hayafanani na ya siku ninayoshinda nimekaa. Nikienda kwa dada yangu Mombasa hata nikitembea tu najikuta nimefika hapo.

Mtu_wa_Mjengo
Jumatano, saa 7:12 mchana

Sisi huku Ruiru tunabeba mawe. Mtungi wa lita tano ni wa watu wawili na saa nane umeisha. Hakuna aliyepima chochote. Ukiona mwenzako ameacha kutoa jasho na anaongea ovyo, unamweka kivulini, unamwagia maji na kutafuta gari. Hayo tu. Wacha nirudi kazini.

Damu_Moja
Jumatano, saa 2:30 usiku

Naomba mniruhusu niseme kitu kwa wale wanaosema "kunywa tu maji, hayana madhara". Kaka yangu figo zake zimeisha. Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Anakojoa kama nusu glasi kwa siku. Daktari amempa kiwango chake na ni kidogo mno, supu, chai, uji, hata barafu vyote vinahesabiwa humo. Ana chupa ya soda ya mililita 300 aliyobandua karatasi, hiyo ndiyo kipimo chake. Mchana ukiwa mkali anatia kipande kimoja cha barafu mdomoni na kukizungusha hadi kiishe, dakika kumi hivi, macho amefumba. Mgeni akija na kusema "mgonjwa anywe maji mengi", mama huinuka na kumtoa nje kwa upole.

Nesi_wa_Zamu
Jumatano, saa 3:10 usiku

Pole Damu_Moja, mpe kaka salamu. Kwa wengine wote: mwenye figo, mwenye moyo unaovimbisha miguu, kiwango chake kiko kwa daktari wake. Asichukue namba yoyote humu, hata yangu.

Mama_Mitumba sijakusahau. Shida yako ni ya kweli na ina utafiti. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya wanawake 140 waliokuwa wakiugua mkojo mara kwa mara na kunywa kidogo. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kwa siku. Kwa mwaka mmoja hao waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Kwa hivyo daktari hakukutania. Ila lazima tuzunguke hilo la choo. Kunywa nusu lita ukiamka, uende haja kabla ya kutoka. Ukirudi jioni nusu nyingine mapema, si wakati wa kulala. Hapo katikati, mara mbili kwa siku, shilingi 20 iingize kwa hesabu ya biashara kama kodi ya kanjo.

Nguo_za_Muthurwa
Jumatano, saa 3:44 usiku

Mama, sisi tulikaa chini na kijana wa choo tukamwambia tuko wanawake kumi na wawili, kila siku, hatuhami. Sasa tunalipa mia kwa wiki, tunaingia tunavyotaka. Mwanzo alikataa. Tukamwambia tutaenda kwa yule mwingine wa upande wa pili.

Mama_Mitumba
Jumatano, saa 3:50 usiku

Hii sikuwa nimeiwaza. Kesho.

Jirani_wa_Kisima
Alhamisi, saa 1:20 asubuhi

Kabla hamjaendelea kumwagiana lita, mmeuliza ni maji gani? Wa_Rongai, kwetu huko maji mengi ni ya visima virefu, na visima vya Nairobi na Bonde la Ufa vingi vina floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto wangu wa kwanza meno yamepiga madoa ya kahawia, nikidhani ni kutopiga mswaki, nikamchapa bure. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua sufuriani na yenyewe inabaki. Na hesabu ni rahisi: anayekunywa lita nne za maji hayo anaingiza floraidi mara mbili ya anayekunywa mbili. Mimi nilipeleka sampuli maabara, sasa watoto wanakunywa ya mvua tuliyochemsha, ya kisima ni ya kufua.

Mama_Chanjo
Alhamisi, saa 4:15 asubuhi

Nina mtoto wa miezi miwili, ananyonya. Mama mkwe anataka nimpe vijiko vya maji, anasema mtoto ana kiu. Na mimi mwenyewe koo halikauki kukauka.

Nesi_wa_Zamu
Alhamisi, saa 8:02 mchana

Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata Turkana wakati wa jua. Maji yake yamo humo. Mwambie mama kwa heshima, umtaje nesi kliniki, sisi tumezoea kulaumiwa. Wewe ndiye wa kunywa. Mwongozo wa Ulaya unaongeza mililita 700 kwa anayenyonyesha. Weka kikombe cha uji kando kila ukimnyonyesha, utafika bila kuhesabu.

Kitinda_Mimba
Alhamisi, saa 3:25 usiku

Na wazee je? Mama yangu ana miaka 78, yuko Murang'a. Hanywi. Anasema hana kiu. Mwezi jana nilifika nikakuta ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Hospitali wakasema amekaukiwa, dripu mbili akanijua.

Nesi_wa_Zamu
Alhamisi, saa 4:40 usiku

Kiu hupungua na umri, hadanganyi, kweli haisikii. Lakini muulize pia choo kiko wapi. Wazee wengi wa mashambani hawanywi jioni kwa sababu choo kiko nje, ni giza na kuna utelezi. Mnunulie ndoo yenye mfuniko na taa. Kisha usimwambie "kunywa maji". Mpe uji saa nne, chai saa kumi, supu jioni, kwa kikombe anachokipenda.

Kitinda_Mimba
Alhamisi, saa 4:47 usiku

Choo kiko nyuma ya boma la ng'ombe. Mungu wangu. Jumamosi naenda.

Wa_Rongai
Jumapili, saa 2:15 usiku

Nimerudi na chati. Kipimo kilikuwa mkebe wa zamani wa aiskrimu wa lita moja, nimeuchora alama kwa kalamu ya wino. Mke wangu ameutaka uondoke nyumbani kabla ya Jumatatu.

Ijumaa saa moja jioni hadi Jumamosi saa moja jioni, kwa amri ya simu: mkojo lita 4 na mililita 700. Nilijumlisha mara mbili, ndiyo kazi yangu. Usiku niliamka mara tatu.

Jumamosi hadi leo jioni, chai zangu, chakula, na maji kwa kiu: nilikunywa maji matupu glasi tatu tu, mililita 750. Mkojo lita 1.9. Rangi ni ile ya manjano hafifu. Usiku niliamka mara moja, na hiyo mara moja ni mbwa wa jirani aliyeniamsha. Kwa kumtuliza mama watoto nimepita kwa duka la dawa asubuhi bila kula kitu, sukari 5.1. Programu nimeifuta. Maji ya kisima napeleka sampuli wiki hii, Jirani nitakutafuta.

Nesi_wa_Zamu
Jumapili, saa 2:40 usiku

Chati safi kuliko za wanafunzi wangu wengine. Sukari iko sawa. Siku ukienda kulima ushago au ukishikwa na homa hizo glasi tatu zisikufunge mikono.

Mama_Mitumba
Jumapili, saa 3:05 usiku

Kijana wa choo amekubali. Mia na ishirini, ameng'ang'ana. Tuko tisa.

Kijana_wa_Steji
Jumapili, saa 3:11 usiku

Mzee, na ile chupa ya saa?

Wa_Rongai
Jumapili, saa 3:20 usiku

Mke wangu ametia mafuta ya kupikia. Amesema yakishuka chini ya saa sita kabla ya tarehe 15, tunachemsha kila kitu.